Maswali ya Wasomaji: Kukaza Bolti za Silinda Hedi

Barua za toleo hili zimegusa jambo moja kwa pande tofauti, nalo ni ufungaji wa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, baada ya kubadilishwa gasketi, yaani kizibo chembamba kinachokaa kati yake na bloki (mwili wa injini). Tumeziweka pamoja ili mwenye gari na fundi wake wasome majibu yaleyale.

SWALI: Ninaishi Kimara na ninatumia Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE kubebea abiria mjini. Gari lilichemsha kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, gasketi ya hedi ikaungua, na fundi akaibadilisha. Haukupita muda mrefu maji yakaanza kupungua tena, na sasa ninaona mapovu kwenye rejeta. Fundi alikaza bolti kwa soketi na bomba refu hadi zikagoma, akaniambia kuwa mkono wake umezoea kazi hiyo. Leo anadai kwamba gasketi niliyoinunua kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani ilikuwa feki. Je, kosa ni la gasketi au la ukazaji? Na je, bolti za zamani zinaweza kutumika tena?
*Msomaji, Kimara*

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa hasara iliyokupata mara mbili. Gasketi duni zipo sokoni, hilo halina ubishi, lakini habari ya bomba refu inanifanya niutilie shaka ukazaji kabla sijaigusa gasketi.

Kila mafuta yanapowaka ndani ya silinda, hedi husukumwa juu kwa nguvu kubwa, na kinachoizuia isiinuke hata kwa unene wa unywele ni mvutano wa bolti kumi. Bolti inapokazwa hurefuka kidogo, kama mpira wa manati unapovutwa, na ule ukaidi wake wa kutaka kurudi katika urefu wake wa awali ndio unaozibana hedi, gasketi na bloki kuwa kitu kimoja. Kinachotafutwa, basi, ni bolti zote kumi zirefuke kwa kiasi kinachokaribiana. Moja ikivutwa kupita kiasi na jirani yake ikabaki legevu, hedi hupinda kidogo na gasketi hupata mahali pa kuvujia, hata kama gasketi hiyo ni ya kiwandani kabisa.

Mkono hauwezi kuupima mrefuko huo, hata uwe mkono wa fundi wa miaka mingi. Sehemu kubwa ya nguvu inayotiwa kwenye mpini, takriban asilimia 90, huliwa na msuguano, karibu nusu yake chini ya kichwa cha bolti na nyingine kwenye nyuzi, ile mifereji ya kuzungukia iliyo kwenye bolti na tundu lake. Ni kama asilimia 10 tu inayofika kuivuta bolti yenyewe. Bolti yenye kutu hugoma mapema na kumdanganya fundi kuwa imekaza, ilhali haijabana kitu. Ndiyo sababu watengenezaji wa injini hutumia njia mbili kwa pamoja: kwanza toki ndogo, yaani nguvu ya kuzungushia, ya kuzisawazisha bolti zote, kisha mzunguko wa pembe maalumu, kwa kuwa mzunguko huirefusha bolti kwa kiasi kinachojulikana na hauathiriwi sana na msuguano.

Kwa 1NZ-FE hatua ni tatu. Hedi ikishakaa juu ya gasketi na bolti zote zikiwa zimeshuka kwa vidole, kaza zote hadi Nm 29 (nyutoni mita, kipimo cha toki) kwa spana ya toki, ile inayoonyesha nguvu unayotia, ukipandisha kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa, ukianzia bolti mbili za katikati na kutoka nje kwa kupishana upande huu na ule mpaka umalizie za pembeni. Kisha zungusha kila bolti digrii 90 kwa mpangilio uleule. Baada ya kuzimaliza zote kumi, rudia digrii 90 nyingine. Nm 29 ni nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani: ukishika mpini wenye urefu wa sentimita 30, unaifikia kwa kusukuma kama unayebeba kilo 10 hivi. Bomba la kurefushia spana halina kazi yoyote katika hatua hiyo. Kwenye hatua za pembe mpini mrefu unafaa, kwa sababu humwezesha fundi kuizungusha bolti kwa mvuto mmoja usiokatika.

Pembe nayo haikisiwi. Chukua rangi nyeupe, au hata rangi ya kucha kutoka duka la vipodozi, utie nukta kwenye ukingo wa kila kichwa cha bolti upande unaotazama mbele ya injini, yaani upande wa puli. Baada ya mzunguko wa kwanza nukta zote zinapaswa kutazama ubavuni. Baada ya wa pili, zote zitazame nyuma, upande wa giaboksi. Ukiinama na kuona nukta moja inatazama pengine, umeijua bolti uliyoiruka au uliyoirudia. Kazi hii ya dakika chache ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika ufungaji wa hedi, kwa sababu inamwezesha hata mwenye gari kusimama pembeni na kuhakikisha kwa macho yake.

Kuhusu bolti za zamani: Toyota huruhusu bolti za injini nyingi kurudishwa iwapo zikipimwa kwa venia (kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi) hazijazidi urefu wa mwisho ulioandikwa katika kitabu cha matengenezo cha injini hiyo, wakati watengenezaji kama Volkswagen na BMW hutaka mpya kila mara hedi inapofunguliwa. Kwa gari lako, hata hivyo, nisingepima. Bolti iliyovutwa kwa bomba hadi ikagoma imekwisha kupitishwa mahali pasipojulikana, nami nisingeiamini tena hata kama urefu wake ungekuwa ndani ya kipimo. Nunua seti mpya.

Hedi ifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa, tena kwa kinyume cha mpangilio wa kukaza, kuanzia bolti za pembeni kuelekea katikati, kila moja ikilegezwa kidogo kidogo. Gasketi ya zamani isitupwe kabla ya kukaguliwa, kwa kuwa alama nyeusi kati ya silinda mbili, au njia ya kutu kutoka tundu la maji, itakuonyesha ni wapi palipokosa kubanwa. Halafu hedi ioshwe na ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari yote miwili. Kwa injini hizi ndogo za Toyota kipimo cha mwisho cha kupinda upande wa bloki ni milimita 0.05. Ikizidi hapo, ipelekwe karakana ya kukereza ikapigwe skimu, yaani kusawazishwa uso, kwa mashine. Uso wa bloki nao upimwe. Mafundi wengi huusahau, na hedi iliyonyooka ikikaa juu ya bloki iliyopinda hujapata kitu.

Naomba pia asitokee mtu wa kusafisha uso huo kwa mashine ya mkono yenye msasa. Alumini ni laini, mashine huchimba mabonde yasiyoonekana kwa macho, na vumbi la msasa hushuka kwenye njia za oili hadi kwenye beringi za krankishafti. Tumia kikwaruzo cha plastiki na dawa ya kulainisha mabaki ya gasketi, hata kama kazi itachukua asubuhi nzima.

Mwisho, tafuta sababu ya kuchemsha kwenyewe. Ukiwa unajaza rejeta kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama wengi wetu tunavyofanya Dar es Salaam, chumvi hiyo huila alumini kuzunguka matundu ya maji, na gasketi ya tatu nayo itakosa mahali pazuri pa kukaa.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana ninayejifunza ufundi katika gereji moja ya Tandika. Mkubwa wangu wa kazi anataka bolti za hedi zipakwe oili kabla ya kufungwa. Fundi mwingine hapohapo anasema oili hupasua bloki. Naomba unieleze nani yuko sahihi.
*Mwanafunzi wa ufundi, Tandika*

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili wameshika ukweli, kila mmoja upande wake, na ni vizuri umeuliza mapema.

Oili hupakwa kwenye bolti, na kamwe haimiminwi kwenye tundu. Kipimo cha toki kilichoandikwa na kiwanda kwa injini nyingi hudhani kuwa nyuzi na sehemu ya chini ya kichwa cha bolti zina tabaka jembamba la oili ya injini. Ukizifunga zikiwa kavu, msuguano huongezeka na bolti hubana pungufu ya inavyotakiwa. Tia oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa, pamoja na washa yake (pete ya chuma iliyo chini ya kichwa), kisha iache ichuruzike. Mkubwa wako amesema kweli. Angalizo pekee ni kwamba bolti zinazoingia kwenye njia za maji katika baadhi ya injini huhitaji gundi maalumu ya nyuzi badala ya oili, na kitabu cha injini hiyo hulieleza hilo.

Sasa upande wa fundi wa pili. Matundu mengi ya bolti kwenye bloki hayatoki upande wa chini. Hedi inapoinuliwa, maji ya rejeta na oili humwagika humo na kutuama. Bolti ikishuka juu ya kimiminika kisicho na pa kutokea, kimiminika hakibonyei. Nguvu yote ya spana hugeuka kuwa msukumo wa kupasua, na bloki inaweza kuchanika kutoka ndani. Hata isipochanika, bolti hugoma kabla ya wakati na spana ya toki italia kana kwamba kazi imekamilika. Nimeona watu wakilaumu gasketi kwa kosa lililokuwa kijiko kimoja cha maji chini ya tundu.

Kwa hiyo kila tundu lisafishwe na kukaushwa kwa hewa ya kompresa. Funika mdomo wa tundu kwa kitambaa na uvae miwani, kwa sababu kitakachoruka ni mchanganyiko wa maji, kutu na mchanga. Kama nyuzi zina uchafu ulioganda, usichukue tepu ya kukatia nyuzi mpya, maana hiyo hula chuma cha bloki na kuziacha nyuzi zikiwa nyembamba. Chukua bolti ya zamani ya injini hiyohiyo, uikate mifereji miwili au mitatu ya wima kwa msumeno mwembamba, uondoe makali kwa tupa, kisha uipitishe kwa mkono katika kila tundu. Uchafu utaingia kwenye mifereji na kutoka nayo. Kipimo cha mwisho ni vidole vyako. Bolti safi katika tundu safi hushuka hadi chini bila spana, na ikikwama njiani, usiilazimishe.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hulipata kwa hasara ni urefu wa bolti. Kwenye 4A-FE, ambayo bado inatembea katika Corolla nyingi za zamani, bolti za upande wa kuingizia hewa zina milimita 90 na za upande wa egzozi zina milimita 108. Unapofungua, toboa kipande cha boksi kwa mpangilio wa hedi na uchomeke kila bolti mahali pake.

SWALI: Nimenunua spana ya toki yenye namba za aina mbili na sijui nifuate zipi. Pia nimefundishwa kwamba bolti za hedi hurudiwa kukazwa injini ikishapata moto. Je, ni sahihi?
*Fundi, Mbagala*

JIBU: Namba hizo mbili kwa kawaida ni nyutoni mita na futi-pauni, na kuzichanganya ni kosa la gharama. Futi-pauni 1 ni sawa na Nm 1.36 hivi. Injini ya 3S-FE hutaka Nm 49 kisha digrii 90. Ukisoma 49 kwenye mstari wa futi-pauni umekwisha kufika karibu na Nm 66 kabla hata hujaanza kuhesabu pembe. Vitabu vya zamani vya Kijapani huandika kilo-mita (kgf·m, si kilomita ya umbali), ambapo 1 ni takriban Nm 9.8. Angalia pia ukubwa wa spana yenyewe, kwani inayofika Nm 200 haiaminiki kwa kazi ya Nm 29, ambayo iko chini kabisa ya mizani yake. Ukimaliza, irudishe kwenye namba ya chini kabisa ndipo uiweke, na usiitumie kulegezea bolti. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinataka ihakikiwe kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000, mojawapo itakayotangulia. Kwa Dar es Salaam, pa kwanza pa kuulizia ni maabara ya ugezi (uhakiki wa vifaa vya kupimia) ya Shirika la Viwango Tanzania pale Ubungo.

Kurudia kukaza kulikuwa sahihi kwa injini za zamani, ambazo gasketi zake hunywea zikipata moto na bolti zake hukazwa kwa toki peke yake. Bolti iliyokazwa kwa pembe haiguswi tena. Ukiiongezea robo mzunguko kwa hisani tu, unaivuta kupita pale ilipokusudiwa.

SWALI: Gari langu ni Alphard yenye injini ya 2AZ-FE. Fundi anasema bolti moja ya nyuma inazunguka tu bila kukaza, na anataka kuijaza gundi ya chuma. Nimkubalie?
*Msomaji, Tegeta*

JIBU: Usimkubalie, ndugu yangu. Bloki ya 2AZ-FE ni ya alumini, na injini hizi za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa nyuzi za bolti za hedi kung'oka kwenye bloki, hasa za upande wa nyuma, karibu na ukuta wa kabini. Dalili yake ni hiyohiyo uliyoielezwa: bolti inapokea toki ya mwanzo kwa shida, kisha inazunguka bila kuongeza ugumu, na mara nyingi hutoka na vipande vya alumini vimejisokota kwenye nyuzi zake kama waya.

Gundi ya chuma haiwezi kustahimili mvutano wa bolti ya hedi pamoja na joto la injini. Tiba inayokubalika ni kulitoboa tundu kwa kipimo kikubwa zaidi, kulikata nyuzi mpya, na kuingiza kibushi cha chuma chenye nyuzi ndani na nje. Utoboaji huo lazima uwe wima kabisa, kwa kutumia kiongozi kinachofungwa juu ya bloki. Drili ya kushikwa mkononi ikiinama hata kidogo, bolti itakaa mshazari na kichwa chake kitaegemea upande mmoja wa washa. Bei ya kazi hiyo itakuuma. Hata hivyo nakushauri utie vibushi katika matundu yote ya mstari wa nyuma kwa mkupuo mmoja, kwa sababu yaliyobaki yamebeba mzigo uleule kwa muda uleule, na kufungua hedi mara ya pili kwa ajili ya tundu la jirani ni kulipia kazi moja mara mbili.

SWALI: Mimi si fundi, ni mama mwenye gari dogo la kazi. Fundi ameniambia ninunue gasketi, bolti mpya za hedi, na kwamba hedi ipelekwe kupimwa. Jirani yangu anasema ninaibiwa, kwa kuwa gari lake lilifungwa kwa bolti zilezile. Nimwamini nani?
*Msomaji, Mbezi*

JIBU: Mama, mwamini fundi. Aliyekuomba vitu hivyo vitatu kwa pamoja anaijua kazi yake, na ningefurahi kumuona katika kila mtaa wa jiji hili. Jirani yako pengine hakudanganywa, kwa kuwa bolti zake huenda zilipimwa zikakutwa nzima, lakini kwa gari lililochemsha bei ya seti ya bolti ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kuifungua injini upya.

Unayo haki ya kuuliza, nawe uitumie kwa heshima. Muombe akuonyeshe majibu ya kupimwa kwa hedi kutoka karakana, yaani imepinda kwa milimita ngapi na imeskimiwa kiasi gani. Muulize injini yako inataka toki gani na digrii ngapi, na amepata wapi namba hizo; fundi makini atakufungulia kitabu au atakuonyesha ukurasa kwenye simu yake bila kukasirika. Bolti nunua za jina linalojulikana, katika duka linalotoa risiti, na uzilinganishe na za zamani kwa urefu, unene na alama iliyogongwa kichwani kabla hujaondoka kaunta. Siku ya kufunga, kama nafasi inaruhusu, uwepo wakati hedi inapokazwa, na gari lisiwashwe mpaka rejeta imejazwa maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu na hewa yote imetolewa.